Guangzhou, Canton au Kwangchow: uandike lipi, na wapi

Fungua begi la mfanyabiashara wa Kariakoo aliyerudi juzi kutoka kusini mwa China. Lebo iliyofungwa kwenye mpini uwanja wa ndege ina herufi tatu, CAN. Kitambulisho alichovaa shingoni kwenye maonesho kinasema Canton Fair. Ankara za kiwandani na risiti ya hoteli zinasema Guangzhou. Kama ana baba aliyekuwa akisoma magazeti ya China miaka ya 1960, baba atamwambia kwamba yeye mji huo aliujua kwa jina la Kwangchow. Na kama ana kijana anayesoma historia kwa Kiarabu, iko siku atakutana na Khanfu, asijue kwamba ni palepale baba yake anaponunua taa na vioo.

Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya Kiswahili, na swali hili huniijia kila mara: lipi ni sahihi? Lakini swali lenyewe linadhani kwamba haya yote ni tahajia za jina moja, na sivyo. Guangzhou, Kwangchow, Kuang-chou na Gwongzau ni tahajia za jina moja. Canton ni jina jingine. Khanfu nalo lina njia yake. Ukishayatenganisha hivyo, kuchagua kunakuwa rahisi zaidi, kwa sababu tahajia huchaguliwa kwa kuangalia nani atasoma, na jina huchaguliwa kwa kuangalia unazungumzia nini.

Jina lilikotoka

Mji ni mkongwe kuliko jina lake. Mwaka 214 KK, majeshi ya dola ya Qin yaliposhuka kusini, ilijengwa ngome hapo ikaitwa Panyu. Muda si mrefu Zhao Tuo akapafanya makao makuu ya ufalme wake wa Nanyue, mpaka dola ya Han ilipouangusha mwaka 111 KK. Panyu halijafa, leo ni jina la wilaya mojawapo ya jiji, upande wa kusini.

Guangzhou lilizaliwa mwaka 226 BK, Sun Quan wa ufalme wa Wu alipoligawa jimbo kubwa la Jiaozhou. Sehemu moja akaiita Guangzhou. Zhou ni jimbo la utawala, na ndiyo maana unaikuta mwishoni mwa majina ya miji mingi ya China: Hangzhou, Suzhou, Fuzhou, Lanzhou. Guang maana yake ni pana, au kuenea, na ilichukuliwa kutoka Guangxin, mji uliokuwa makao ya awali ya jimbo hilo, huko juu mtoni karibu na Wuzhou ya sasa. Kwa hiyo mwanzoni Guangzhou lilikuwa jina la jimbo ambalo makao yake yalikuwa Panyu. Karne zikapita, jina la jimbo likahamia mjini likakaa.

Neno hilohilo guang likazaa majina ya mikoa miwili: Guangdong, yaani Guang ya mashariki, na Guangxi, Guang ya magharibi. Shika hiyo Guangdong, maana ndiyo inayofungua fumbo la Canton.

Canton: mji ulioitwa kwa jina la mkoa

Wareno walioandika Quíloa badala ya Kilwa, Mombaça badala ya Mombasa na Melinde badala ya Malindi ndio hao hao walioandika Cantão. Jahazi za Fernão Pires de Andrade zilifika mlangoni mwa Mto wa Lulu mwaka 1517, na jina walilolishika huko halikuwa Guangzhou. Lilikuwa Guangdong, jina la mkoa, nao wakaliweka juu ya mji walioufanyia biashara. Kutoka Kireno likaingia Kiingereza na Kifaransa likawa Canton.

Ukitaka ushahidi unaoonekana kwa macho, nenda Hong Kong, upande wa Kowloon. Kuna barabara maarufu ya maduka iitwayo Canton Road. Angalia kibao chake cha Kichina: kimeandikwa 廣東道, Barabara ya Guangdong. Kibao kimoja, lugha mbili, na asili ya jina iko wazi kabisa.

Jambo hili lina matokeo kwa mtu anayetafuta habari za zamani. Katika maandishi ya karne ya 19, Canton huweza kuwa mji, na huweza kuwa mkoa mzima. Hati ya mhamiaji ikisema ametoka Canton, usikimbilie kudhani alizaliwa mjini. Wengi walikuwa watu wa vijiji vya mkoa. Wachina wengi waliohamia Madagascar, kwa mfano, asili yao ni Shunde, ndani ya mkoa huo, na bado vitabu vya Kifaransa huwaita watu wa Canton.

Kaa la jikoni na kaa wa baharini

Swali linalofuata huwa hili: ikiwa Kwangchow na Guangzhou ni jina moja, kwa nini moja linaanza na K na jingine na G? Je, Wachina walibadili matamshi?

Hawakubadili. Na hapa msomaji wa Lamu au Mombasa ana faida ambayo wengi hawana. Yeye hutofautisha kaa la jikoni na kaa wa baharini, paa la nyumba na paa wa porini, kwa pumzi inayotoka mdomoni. Kaa wa baharini na paa wa porini hutamkwa kwa mpumuo. Kaa la jikoni na paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo. Tahajia sanifu haionyeshi tofauti hiyo, ila wanaoziandika lahaja za kaskazini kwa uangalifu huweka kialama: k'aa, p'aa.

Kichina kina tofauti hiyohiyo. Sauti inayoanza Guangzhou ni k ya kaa la jikoni. Mwingereza Thomas Wade, aliyetoa kitabu chake cha kufundishia Kichina mwaka 1867, aliiandika k tu, na ile yenye mpumuo akaiandika k', sawasawa na wanavyofanya waandishi wa Kimvita na Kiamu. Herbert Giles akaufuata mtindo huo katika kamusi yake ya mwaka 1892, ndiyo maana unaitwa mtindo wa Wade-Giles. Katika mtindo huo mji wetu ni Kuang-chou. Tatizo ni kwamba wachapaji walikuwa wakikiacha kile kialama, na kikiachwa, sauti mbili tofauti zinaonekana moja.

Wachina walipotunga Pinyin, tahajia yao rasmi iliyopitishwa tarehe 11 Februari 1958, waliamua kutumia herufi mbili badala ya kialama: g kwa isiyo na mpumuo, k kwa yenye mpumuo. Basi K ya Kuang-chou na G ya Guangzhou ni sauti ile ile. Wareno nao, ambao lugha yao haina k ya mpumuo, waliisikia kama yao wakaandika C. D ya Guangdong vilevile ni t isiyo na mpumuo, na hiyo ndiyo t iliyomo ndani ya Canton. Mimi nilipoelewa jambo hili, orodha nzima ya majina ambayo zamani niliikariri tu ikapata mantiki.

Kwangchow na Kuang-chou: za kusomea, si za kuandikia

Mwaka 1906 ulifanyika mkutano wa posta mjini Shanghai ili kukubaliana namna ya kuandika majina ya miji kwenye barua na simu za maandishi. Kwa miji iliyokwisha zoeleka waliacha majina ya zamani: Peking, Amoy, Canton. Lakini mtindo wa posta, usio na vialama na unaopenda kw na ow, ndio uliozaa sura ya Kwangchow. Baada ya 1949, machapisho ya China kwa lugha za kigeni yalitumia sana Kwangchow. Hicho ndicho kipindi Radio Peking ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili, mwaka 1961, na kizazi kilichosikiliza redio hiyo bado kina Peking na Kwangchow masikioni.

Umoja wa Mataifa uliikubali Pinyin kwa majina ya mahali mwaka 1977. China yenyewe ilianza kuitumia katika machapisho yake yote ya kigeni tarehe 1 Januari 1979. Tangu hapo Kwangchow haina kazi mpya. Ukiiandika leo katika habari ya leo, msomaji kijana atadhani ni mji mwingine.

Hata hivyo usiitupe. Ukitafuta magazeti, matangazo ya biashara na ripoti za miaka ya 1950 hadi 1970, andika Kwangchow kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukitafuta vitabu vya kitaaluma vya kipindi hicho, andika Kuang-chou; Maktaba ya Bunge ya Marekani ilihama kutoka Wade-Giles kwenda Pinyin mwaka 2000 tu, na kadi nyingi za zamani katika maktaba nyingine bado zina sura ya kale. Wasomaji wa Bujumbura na Lubumbashi wanaotumia vitabu vya Kifaransa watakutana pia na Kouang-tcheou. Ni jina lile lile, limevikwa herufi za Kifaransa.

Khanfu, na mji ulioandikwa na mtu aliyefika Kilwa

Kabla ya Wareno kuuona, mji huu ulikuwa umeandikwa kwa Kiarabu kwa zaidi ya miaka 600. Mabaharia wa Siraf, bandari ya Uajemi, na wa Basra waliuita Khanfu, kutokana na Guangfu, kifupi kilichotumika kwa makao ya utawala ya Guang. Simulizi za safari zilizoandikwa mwaka 851 zinaeleza jinsi wafanyabiashara Waislamu walivyokuwa na kadhi wao hapo. Abu Zayd wa Siraf akaongeza habari ya kuhuzunisha: waasi wa Huang Chao walipouteka mji miaka ya 870, waliuawa Waislamu, Wayahudi, Wakristo na Wamajusi 120,000, kwa hesabu yake yeye. Wakati huohuo vyombo vya udongo vya China vilikuwa vikifika pwani yetu. Vigae vyake vimefukuliwa Manda na Unguja Ukuu.

Katika baadhi ya nakala utakuta Khanqu. Anayejua kusoma Kiarabu anajua sababu bila kuelezwa: fa na qaf zinatofautiana kwa nukta moja, na kalamu ya mnakili huweza kuteleza.

Karne ya 14 akaja msafiri Ibn Battuta, aliyekuwa Kilwa mwaka 1331. Yeye anauita mji huu Sin Kalan, China Kuu kwa Kiajemi, na pia Sin al-Sin. Kwa hiyo ukiandika historia ya Bahari ya Hindi, majina haya yaache kama yalivyo ndani ya nukuu, halafu nje ya nukuu sema waziwazi kwamba ni Guangzhou. Nimesoma tafsiri za Kiswahili zilizoacha Khanfu ikielea bila maelezo, na msomaji anakosa kujua kwamba bandari ya wakati ule ni soko la leo.

Gwongzau: wenyeji wanavyosema

Pinyin inafuata Kichina sanifu cha Beijing. Wenyeji wa mji wana lugha yao, Kikantoni, na katika lugha hiyo jina linasikika kama Gwong'-jau. Tahajia ya Jyutping, iliyotungwa Hong Kong mwaka 1993, inaandika Gwong2 zau1, namba zikionyesha toni, yaani sauti inavyopanda na kushuka katika silabi. Ile ya Yale inaandika Gwóngjāu. Hizi ni za mwanafunzi wa lugha. Usiziweke kwenye barua ya biashara.

Kikantoni lenyewe, kama jina la lugha, limeshakaa katika Kiswahili na sioni sababu ya kuligusa. Ila mji usiuite Kantoni. Neno kantoni tunalitumia kwa majimbo ya Uswisi, na sentensi kama «alizaliwa kantoni» itampeleka msomaji kwenye milima ya Alpi.

Hatari ya kuandika kwa sikio

Sasa nifike kwenye kosa linaloniuma zaidi, kwa kuwa hutoka kwa watu wenye nia njema. Mtu anataka kuliswahilisha jina: anasikiliza, anaandika anavyosikia. Nimeona Gwanzu, Guangzo, na zaidi ya mara moja, Gwangju.

Gwangju upo. Ni mji wa Korea Kusini, ule wa maandamano ya Mei 1980. Tena si mfanano wa bahati tu. Gwangju huandikwa 光州, jimbo la nuru, na Mchina akizisoma alama hizo anasema Guāngzhōu. Guangzhou ya China ni 广州, jimbo pana, Guǎngzhōu. Zinatofautiana kwa toni ya silabi ya kwanza: ya Korea iko juu na imenyooka, ya China inashuka. Pinyin ikiandikwa bila alama za toni, kama inavyoandikwa kwenye ramani na tiketi, majina ya miji hiyo miwili yanafanana herufi kwa herufi. Wakorea wenyewe hutuokoa kwa kuuandika wa kwao Gwangju. Ukiandika Gwangju ukikusudia China, umempeleka mtu nchi nyingine.

Ndani ya Guangzhou kwenyewe toni hiyo ya nuru ipo pia. Msikiti mkongwe wa Huaisheng una mnara uitwao Guangta. Mtu huweza kudhani guang hiyo ni ya jina la mji. Siyo, ni ile ya nuru, Mnara wa Nuru.

Mitego mingine nitaitaja kwa haraka. Quanzhou ni bandari nyingine, mkoani Fujian, ile ambayo Waarabu waliiita Zaytun. Q na G zikiandikwa kwa mkono hazikai mbali. Guangzhouwan, au Kwangchowan, ni eneo ambalo Ufaransa ililikodi mwishoni mwa karne ya 19, huko Zhanjiang ya leo, wala si mji wetu. Kwantung ya jeshi la Wajapani iko kaskazini, karibu na Dalian. Kwangtung ndiyo Guangdong. Herufi moja tu, g, imeshabadilisha upande wa vita katika insha nilizosahihisha. Na Huangpu ni bandari ya Guangzhou, iliyokuwa ikiitwa Whampoa na kuwa na chuo cha kijeshi kilichofunguliwa mwaka 1924, lakini pia ni mto wa Shanghai. Andika daima Huangpu ya wapi.

Basi uandike lipi

Kwa habari, barua, anwani, viza, kitabu cha shule, na mazungumzo yoyote ya mji ulivyo sasa: Guangzhou, bila kialama, bila kiambishi cha Kiswahili ndani yake. Herufi hizi ndizo zilizo kwenye ramani, kwenye vibao vya barabara na kwenye mihuri ya kampuni unazofanya nazo kazi.

Canton ibaki palipo na jina maalumu. Maonesho ya Canton yalianza majira ya kuchipua ya mwaka 1957. Jina lake la Kichina, Guangjiaohui, halina Canton ndani yake, lakini waandaaji wenyewe hulitumia kwa wageni, na ukiandika Maonesho ya Guangzhou msomaji atashindwa kujua ni yapi kati ya mengi. Mnara wa Canton, wenye urefu wa mita 600 na uliofunguliwa mwaka 2010, ni hivyohivyo. CAN ya ndege haibadiliki.

Kuna wanaosema Canton ni jina la kikoloni na lifutwe kabisa. Naheshimu hisia hiyo, lakini sikubaliani nayo kwa mji huu. Jiji lenyewe limelichagua kwa mnara wake mkubwa katika karne hii. Ninaloliogopa ni utata wa mji na mkoa. Kwa hiyo hata ninapohariri habari za mwaka 1757 hadi 1842, wakati wafanyabiashara wa Ulaya walipobanwa kwenye maghala ya kando ya mto na mfumo huo ukaitwa wa Canton, huandika mara moja: Guangzhou, ambao Wazungu waliuita Canton. Baada ya hapo Guangzhou mpaka mwisho, isipokuwa jina la mfumo wenyewe.

Kwenye ankara na hati ya shehena usihariri chochote. Nakili kilichoandikwa, hata kama kinakukera: ikisema Nansha, andika Nansha, ikisema Huangpu, andika Huangpu. Zote ni bandari za Guangzhou, lakini wakala wa forodha analinganisha herufi.

Katika mashairi na simulizi kuna jina jingine, Yangcheng, yaani mji wa yang. Ngano inasema waja watano wa mbinguni walishuka wakiwa juu ya yang watano, wakawapa watu masuke ya mpunga ili njaa isirudi. Mfasiri wa Kiswahili anakwama, kwa kuwa yang ya Kichina ni kondoo na ni mbuzi. Sanamu ya wanyama hao iliyo katika bustani ya Yuexiu ina ndevu na pembe. Mimi huandika Mji wa Mbuzi.

Na ukilitamka Guangzhou mbele ya mwenyeji, anza na k ya kaa la jikoni, Kwang', ukimalizia kwa ng' ya ng'ombe, sauti ikishuka chini. Kisha ipandishe juu, iache inyooke: jou, o ikifuatiwa na u fupi. Usiseme zu.